Kitanzi cha Kisumu

Niliondoka Nakuru alfajiri ya Jumamosi. Nauli ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 1,200 na bado tulibanwa wanne katika kiti cha watu watatu, hivi kwamba niliposhuka Kisumu magoti yalikuwa hayakunjuki.

Nilikuwa nimealikwa na kikundi kidogo cha watu wanaokutana katika gereji moja, mtaa wa Milimani, kuunda na kuendesha treni za umeme za mfano. Mwenyeji wangu alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya reli. Treni zao zimepunguzwa mara 87, na reli mbili zimeachana kwa milimita 16.5. Umeme wa volti 12 huja kwa reli moja, hupanda kwenye mota kupitia magurudumu, kisha hurudi kwa reli ya pili.

Nilipewa vipande vya reli niongeze njia niipendayo. Nilitaka treni ifike Kisumu ya mezani, izunguke, irudi Nakuru kwa njia ile ile, kwa hiyo nikaipinda reli kuwa kitanzi na kuiunga tena mahali ilipoanzia. Nilipowasha, taa nyekundu ya transfoma ikamulika na meza nzima ikazima. Moyo ulinipasuka, nikiamini nimewaunguzia chombo cha thamani.

“Usiogope, mwanangu,” Mzee akasema. “Fuata reli ya kushoto kwa kidole.”

Nikaifuata polepole kuzunguka kitanzi, na kidole changu kikatua juu ya reli ya kulia. Nilikuwa nimezikutanisha mwenyewe: shoti. Mzee akazikata reli zote mbili kwa msumeno mwembamba katika ncha zote mbili za kitanzi, akatia viungo vya plastiki, akafunga swichi ya kugeuza umeme wa njia kuu treni ikiwa ingali kitanzini. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa moja, na ndiyo saa niliyojifunza mengi kuliko zote.

Alinieleza kwamba mwaka 1879, katika maonyesho ya Berlin, Werner von Siemens alibeba abiria kwa treni ya umeme akitumia reli ya tatu katikati, huku umeme ukirudi kwa reli za magurudumu. Reli mbili za pembeni zikiwa upande mmoja wa umeme, kitanzi hakina madhara. Ndiyo maana kampuni ya Lionel ya Marekani ilishikilia reli ya katikati katika treni zake za kuchezea.

“Geuza sasa!” Nikageuza, na treni ikatoka kitanzini ikielekea Nakuru bila kusita.

Jumapili nilirudi nyumbani nikiiwaza njia yetu halisi, iliyofika Kisumu mwaka 1901 na ambayo hadi leo injini zake ni za dizeli, ilhali Watanzania wanasafiri kwa umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro tangu Juni 2024. Inaniuma. Tena zile milimita 16.5 ni mfano wa reli pana ya SGR. Reli yetu ya mita moja inahitaji milimita 12, na vipande vyake kutoka Ulaya ni ghali mno. Mzee ameamua kuvitengeneza kwa mkono, taruma kwa taruma. Amekwisha kufika Kibos, stesheni iliyo karibu na Kisumu, na mimi nimeahidi kumpelekea vipimo vya stesheni ya Nakuru.