Nyangumi wa dakika tatu: kumbukumbu ya mradi wangu, Januari hadi Aprili

Januari

Mwenye boti ninayofanyia kazi hapa Watamu amenikubalia niweke daftari na kamera karibu na usukani. Sharti ni moja: mteja akinasa nduaro, nyangumi wangu wasubiri. Sawa.

Wale wenye nundu wanaopita wakati wa kusi sina haja nao. Wakiruka, hata mtoto aliye ufukweni atawatambua. Ninaowatafuta ni wale wenye mdomo uliochongoka kama wa pomboo, wanaoishi nje kabisa ambako kina huporomoka ghafla. Duniani ziko aina zaidi ya 20, na baadhi zimejulikana kwa mifupa kuliko kwa macho. Nahodha wetu huwaita wote "pomboo wakubwa" na mjadala umefungwa.

Februari

Kaskazi kali, safari nyingi zimevunjika. Nimekaa nikisoma.

Kati ya hao wenye mdomo uliochongoka, aliyeniteka ni nyangumi wa Longman. Fuvu la kwanza lilipatikana Mackay, Queensland, mwaka 1882, na Heber Longman akalitangaza kuwa aina mpya mwaka 1926. La pili lilipatikana Somalia mwaka 1955, kwenye sakafu ya kiwanda cha mbolea. Kidogo tu lisagwe! Kwa miaka mingi mnyama mzima wa mita sita hakuwa na ushahidi mwingine ila mafuvu hayo mawili. Na muda wote huo watafiti walikuwa wakimwona hai katika maji ya joto ya Hindi na Pasifiki, wakampa jina jingine bila kujua ni yuleyule. Mwaka 2003 vinasaba ndivyo vilivyounganisha hadithi, kwa mizoga ya Maldivi na Afrika Kusini, pamoja na fuvu lililotoka Kenya. Kenya! Hapo ndipo nilipofunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo.

Machi 17

Maleleji. Bahari imelala kama mafuta kwenye sufuria. Saa 4:20 asubuhi nahodha akapaza sauti: "Haya bwana, pomboo wako hao!"

Migongo mitatu ya kahawia, mita mia mbili hivi upande wa omo. Pumzi fupi, zisizopanda juu. Wakaibuka mara tano au sita, kisha mmoja akakunja mgongo, wenzake wakamfuata bila kuonyesha mkia. Dakika tatu tu. Tulizima injini tukangoja dakika 20, mpaka mteja akaanza kutazama saa yake. Nimepiga picha 41. Kwenye daftari nimeandika LONGMAN kwa herufi kubwa.

Machi 18

Haraka haraka haina baraka. Picha 35 ni maji matupu, au mgongo usio na kichwa. Rangi ya kahawia niliyoitegemea haithibitishi lolote, kwa sababu nyangumi wa Cuvier, wa jamii hiyohiyo, naye huwa kahawia. Longman mara nyingi hutembea kwa makundi ya makumi. Hawa walikuwa watatu. Pezi ni dogo na limekaa nyuma sana, lakini jamii nzima iko hivyo.

Picha ya 23 ndiyo pekee yenye uso. Maji bado yanateremka pajini. Longman mzima ana paji lililovimba, na mkunjo unaolitenga na mdomo. Cuvier mdomo wake ni mfupi, unateremka kutoka kichwani bila kona. Nimeikuza picha mpaka ikawa vigae vya rangi. Mkunjo siuoni, ila pale ungekuwepo kuna povu.

Machi 26

Nimempelekea mtu anayewajua kuliko mimi. Jibu lake: "Ningeelekea kwa Cuvier, lakini nisingeapa. Andika jamii tu, aina acha wazi." Nimekata LONGMAN kwa mstari mmoja. Iliniuma, nisiwadanganye.

Aprili

Nimesoma kwamba huko Baja California, Mexico, watafiti walitafuta kwa miaka mitano nyangumi wa jamii hii wenye mlio fulani uliokuwa ukinaswa na vinasa sauti vya chini ya maji. Mwaka 2024 mmoja alifyatuliwa mshale mdogo unaochota kipande cha ngozi, na vinasaba vikamtaja: ni yule mwenye jino lenye umbo la jani la mti wa ginkgo. Sina upinde wala kibali, kwa hiyo nabaki na kamera. Nitaanza na kichwa, mgongo baadaye. Na nitapiga saa wanapozama, maana Cuvier mmoja aliwahi kupimwa akikaa chini dakika 222. Dakika zangu 20 zilikuwa mzaha.

Nimechora vichwa vitatu ubavuni, nikavitia plastiki na kuvibandika kando ya usukani: Longman, Cuvier, na dume la Blainville, wa jamii hiyohiyo, ambaye taya lake la chini limepanda kama tao na jino limetokeza nje. Nahodha amevitazama muda mrefu, kisha akagusa huyo wa tatu. "Huyu nishamwona," akasema. "Mwaka juzi. Wewe ulikuwa unatapika."

Boti imepandishwa pwani kupakwa rangi. Kaskazi ikirudi tutaendelea.