Yamagata: supu ya magimbi, maji ya kiberiti na mlima usiosimuliwa

Ngoja nikiri mapema, safari hii sikuifunga kwa ajili ya mahekalu. Nilifuata tumbo. Wifi yangu anasoma Japani, mji wa Sendai, huu mwaka wa pili, na kila tukipigiana simu wimbo wake ni ule ule: wifi njoo mwezi wa tisa, mwezi wa tisa Yamagata wanapika magimbi kando ya mto, utakula mpaka ujisahau. Nikajipanga, nikaenda. Mume wangu akaninunulia na viatu vya kupandia milima, vya bei mbaya, akasema kule ni ngazi tupu usije ukaniaibisha. Hivyo viatu mvikumbuke.

Kwa wasioijua, Yamagata ni mkoa wa kaskazini mwa Honshu, kisiwa kikuu cha Japani, ukanda wanaouita Tohoku, ni milima na mabonde ya mpunga, na watalii wengi wanaishia Tokyo na Kyoto hawafiki huku. Una miji na vijiji 35, na wenyewe wanajisifu kwamba hakuna hata kimoja kisicho na chemchemi ya maji moto, onsen kwa lugha yao. Vyote 35! Na bado wifi, miaka miwili Japani, hajawahi kuingia onsen hata siku moja. Sababu mnaijua, ni kuvua nguo mbele za watu. Tutafika huko.

Tulianzia Yamadera, kutoka Sendai ni treni ya kama saa moja inayopenya mabonde. Jina rasmi la hekalu ni Risshakuji, lilianzishwa mwaka 860 na mtawa Ennin, ila watu wanasema Yamadera tu, yaani hekalu la mlimani, na ukishafika unaelewa, maana majengo yamening'inia kwenye jabali utadhani mtu aliyabandika. Ngazi 1,015. Chini kabisa kabla hujaanza kupanda wanauza konnyaku za mviringo, tatu kwenye kijiti, zimechemshwa kwenye sosi ya soya mpaka zikawa za kahawia, unazipaka haradali kali inayokupanda puani. Konnyaku inatokana na kiazi cha ukoo mmoja na magimbi, inateleza na inaruka mdomoni, ukiing'ata na yenyewe inakukatalia. Wanasema inakupa nguvu za kupanda. Karibu yote ni maji, sasa hizo nguvu zinatoka wapi sijui, ila nilikula mbili, vijiti viwili nasema, sio vidonge viwili.

Kilichonigusa pale ni moto. Kwenye ukumbi mkubwa wa chini kuna mwali ulioletwa zamani hizo kutoka hekalu la Enryakuji, mlima Hiei karibu na Kyoto. Mwaka 1571 mbabe wa vita Oda Nobunaga akaichoma Enryakuji yote, na ilipokuja kujengwa upya moto wao ulikuwa umezimika, ikabidi waje huku Yamadera wauchukue wa kwao wenyewe. Yaani kama jirani uliyempa kaa la moto asubuhi, jioni jiko lako limezima unamgongea mlango. Nilisimama pale nikautazama mpaka wifi akaniuliza kama nasinzia.

Juu kuna kibanda cha mbao kinachochungulia bonde lote, treni unaiona kama jongoo. Matsuo Basho, mshairi wao mkubwa, alipita hapa mwaka 1689, akatunga shairi kuhusu sauti za nyenje zinavyozama kwenye mawe, na kila kona kuna kitu cha kukukumbusha hilo. Sisi tuliwakuta nyenje wachache wa mwisho mwisho, sauti zimekauka. Na mimi pia sauti ilikuwa imekauka.

Haya, magimbi sasa. Inaitwa imoni, na Jumapili moja katikati ya Septemba mji wa Yamagata unaipika kando ya mto Mamigasaki kwenye sufuria moja yenye upana wa zaidi ya mita 6. Sio mfano, ni sufuria kweli, na kwa sababu hakuna mwiko wa saizi hiyo wanatumia katapila. Lile lile la kuchimbia mitaro, ila jipya, halijawahi kugusa udongo, na mashine yake wanailainisha kwa mafuta ya kula badala ya grisi. Linanyanyua mkono polepole, linashuka kwenye mvuke, linatoka na supu tele, halafu vijana wenye vitambaa kichwani wanachota. Nilicheka hadi mzee aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni akageuka na yeye akacheka, bila kujua nacheka nini.

Yule mzee ndiye aliyetupa darasa. Wifi alimuuliza kama kuna nguruwe ndani, maana yeye nguruwe hali. Mzee karibu achukie. Hapana! Huku bara ni nyama ya ng'ombe na sosi ya soya, kule pwani Shonai ndio wanaweka nguruwe na miso, lile rojo la soya iliyochachushwa, na ile sio imoni, ile ni supu ya nguruwe tu yenye magimbi. Siku tatu baadaye tukiwa huko huko Shonai, mama mmoja muuza duka akatuambia imoni ya Yamagata ni sukiyaki, ile nyama ya ng'ombe ya kupikwa kwa sosi ya soya, iliyoongezwa magimbi wakaipa jina. Mkoa mmoja huo. Mimi upande wangu nimeshachagua: bakuli lile la mtoni, magimbi madogo laini yanayoyeyuka ukiyabana kwa ulimi, vitunguu vya majani, nyama imeacha mafuta yake juu ya mchuzi, vidole vimeganda kwa upepo wa mto na bakuli linavipasha. Tulirudi foleni mara ya pili bila hata kuambiana.

Zao, kijiji cha onsen, ni basi la dakika 40 hivi kutoka stesheni ya Yamagata, na kabla hujaona kijiji unakinusa. Mayai viza. Ni kiberiti, yaani salfa, maji yake yana asidi kali kushinda siki, wenyeji wanasema yanang'arisha ngozi, ila yakikuingia machoni utaita jina la mama yako.

Basi bwana, saa imefika. Tumepewa yukata, yale majoho mepesi ya pamba, tumepewa vitaulo viwili vidogo ambavyo mimi nilidhani ni vya kukaushia mikono. Wifi kasimama mbele ya pazia jekundu la wanawake, hasogei.

"Wifi, tangulia."

"Nitangulie wapi, wewe ndio unajua Kijapani."

"Kwani kuoga kunahitaji Kijapani? Mimi nikikuona uchi nitamwangaliaje kaka?"

Tukaingia kinyumenyume, kila mtu kampa mwenzie mgongo, na ndani mabibi wanne wa miaka sabini themanini wamejikalia zao kwenye vigoda wanajisugua, wanapiga soga kama wako barazani, hawana habari na sisi kabisa. Hilo ndilo lililotuponya. Unakaa kigodani, unajisugua kwa sabuni na kujisuuza mpaka usibaki hata povu, nywele unafunga juu, kitaulo hakiguswi na maji ya bwawa, unakiweka kichwani. Halafu unashuka. Dakika ya kwanza unataka kutoka, moto wenyewe sio wa mchezo. Ya tatu mabega yanaanguka yenyewe. Ya tano wifi akasema, bila kunitazama, "miaka miwili nimejinyima nini mimi."

Tulitoka wekundu, wepesi, kila mtu anacheka ovyo, ndipo nikaona shingo yake. Mkufu wa fedha, wa mama yao, umegeuka mweusi tii. Kiberiti na fedha haviivani na kibandiko cha kuonya kilikuwepo ukutani, tena na picha, ila nani alikuwa anasoma vibandiko wakati anatafuta pa kujificha. Mtoto wa watu akaanza kulia. Mama mwenye nyumba ya wageni akaja, akautazama mkufu, akasema neno moja refu la huruma, akapotea jikoni. Karudi na bakuli, kalitandika foili ndani, kaweka mkufu, kamwaga beking soda vijiko viwili, kamimina maji ya moto. Ikafoka kidogo, ikanuka yai tena. Tukainama wote watatu vichwa vinagusana, tunaona weusi unaiachia fedha polepole na foili inaanza kufubaa. Kaufuta, kamvalisha mwenyewe. Nina hakika sio sisi wa kwanza.

Kesho yake asubuhi tuliingia bwawa la wazi, lile kubwa lililo kwenye korongo la mto juu ya kijiji. Safari hii wifi alinitangulia mbio. Ziwa la Okama, lililo kwenye mdomo wa volkano, nalo tulienda kuliangalia, tukaona ukungu, tukashuka.

Kutoka hapo tukavuka milima kwa basi hadi Tsuruoka, mji ambao tangu 2014 UNESCO inautambua kwa mapishi yake. Jirani yake ndio kuna Dewa Sanzan, milima mitatu mitakatifu: Haguro, Gassan na Yudono. Haguro ni ya maisha ya sasa, Gassan ya kifo, Yudono ya kuzaliwa upya. Zamani mambo ya mahekalu ya Kibuddha na Shinto, dini ya asili ya Wajapani, yalichanganyika huku, serikali ya Meiji ikaja kuyatenganisha kwa amri kuanzia 1868, ila ukitembea mwenyewe huoni mpaka uko wapi.

Haguro ni ngazi 2,446. Ndiyo, mara mbili na zaidi ya zile nyingine, mume wangu alisema kweli. Lakini unapanda katikati ya mierezi mikubwa mizee, kimya, na mwanzoni tu kuna pagoda, mnara wa hekalu, ya orofa tano, mbao haina rangi hata tone, imekaa msituni zaidi ya miaka 600. Nusu njia kuna kibanda cha chai kinachouza mochi za nguvu, vidonge vya mchele wa kunata, unakula unatazama uwanda wa mpunga wa Shonai umeiva wote rangi ya dhahabu. Mara tukasikia baragumu, ni yamabushi, wale watawa wa milimani wenye nguo nyeupe wanaopuliza kombe kubwa la baharini.

Mchana tulikula chakula cha watawa kwenye nyumba ya mahujaji. Hakuna nyama, hakuna samaki, ni uyoga, mboga za mwituni, machipukizi ya mianzi, na tofu ya ufuta (tofu ya kawaida ni kama jibini laini ya soya). Hiyo tofu sasa. Haina soya hata kidogo, ni ufuta uliosagwa ukapikwa kwa wanga na kukorogwa muda mrefu mpaka ukashikana, juu wamemwagia mchuzi mzito wenye utamu wa mbali. Ukiigusa na kijiti inatikisika nzima. Niliila kidogo kidogo kwa makusudi, na bado iliisha.

Halafu tumbo limejaa hivyo ndio tukaenda hekalu la Dainichibo kumtazama mtu aliyeacha kula.

Anaitwa Shinnyokai. Yupo pale mwenyewe, mwili wake, amekaa nyuma ya kioo na joho la rangi kali, kichwa kimeinama. Miaka mingi aliacha nafaka zote, akawa anakula matunda ya miti, mizizi na magome, mwili ukakauka taratibu angali hai, na mwaka 1783 akaingia ardhini akiwa na miaka 96, kwa maelezo ya hekalu. 1783 ni miaka ile ya njaa kuu ya Tenmei, watu wa kaskazini wanakufa na mavuno hayapo. Wanaamini alijitoa kwa ajili yao. Joho lake linabadilishwa kila baada ya miaka sita, lile la zamani wanalikatakata wanatengeneza hirizi. Mtawa alisimulia, wifi akatafsiri kwa kunong'ona, kisha akaacha kutafsiri na mimi sikumuuliza. Nilibaki naangalia mikono. Nje mashine ya kuvunia mpunga ilikuwa inanguruma shambani, na mimi, Mungu anisamehe, njaa ikaniuma tena. Begi langu lilikuwa na mfuko wa dadacha-mame, zile soya mbichi za Tsuruoka zenye harufu kama ya mahindi ya kuchoma. Sikuufungua mpaka tumefika kituoni.

Mwisho ni Yudono. Ukienda, nenda kuanzia Juni na uwahi kabla ya theluji ya Novemba kufunga njia. Lililopo kule siwezi kuwaambia. Sio mbwembwe, ndio sheria ya mahali tangu karne na karne, ukishaona usisimulie, na kama hujaona usiulize. Kamera marufuku. Nitasema tu kwamba unavua viatu na soksi, kuhani anakuombea, unapewa kikaratasi chenye umbo la mtu unajipangusa nacho mwilini, unakiweka kwenye maji kinaondoka, halafu unaingia pekupeku. Wifi alinishika mkono. Tulitoka hatujasema kitu, hadi ndani ya basi.

Usiku mume wangu akapiga video. Picha zote ameziona, katapila, pagoda, mkufu, sasa anataka na huko Yudono.

"Hatusemi, kaka," wifi akamjibu.

"Mke wangu, hata mimi?"

Nikageuza simu, nikamwonyesha nyayo zangu tu. Akazitazama kwa muda.

"Yaani mmeenda peku? Na vile viatu?"