Tangi kubwa kwenye pikapu ya petroli

Pikapu yangu ni Hilux ya petroli, na ikipakiwa mzigo inakunywa kweli. Njia zangu za bara ya Tana River hazina vituo vya karibu, kwa hiyo nimeng'oa tangi la kiwandani na kufunga la lita 140.

Usichukue tangi la dizeli ukadhani litakaa tu. Kwenye petroli yangu pampu imo ndani ya tangi, imezama, na mafuta yenyewe ndiyo yanayoipoza. Tundu la juu lazima liwe saizi ileile ya pampu, na pampu ifike chini kabisa. Ikining'inia juu, mafuta ya chini utayabeba bure. Fundi wangu wa Jomvu alipima kina kwa kijiti mara mbili kabla ya kukaza hata skrubu moja. Huyo ndiye fundi!

Kwa joto letu hili la Mombasa petroli inavukiza sana, basi mpira wa hewa wa tangi urudishwe kwenye kopo lake la mkaa linalonasa mvuke, usiachwe wazi chini ya bodi. Waya wa athi (earth ya umeme) nao ufungwe kwenye chuma kitupu, si juu ya rangi.

Likijaa, mafuta pekee ni kilo mia na ushei, punguza mzigo. Chumvi ya bahari inakula chuma, kwa hiyo mikanda ya chuma inayoshika tangi niliipaka rangi ya kuzuia kutu.

Na tangi kuukuu, hata likiwa tupu, msilichomelee jamani. Mvuke uliobaki ndani unalipuka.