Safari ya Kidia, Jumamosi kabla ya Pasaka

Nilipanda Coaster ya Moshi stendi ya Arusha saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi ile ambayo mtu hajui aiite nini: Ijumaa Kuu imepita, Pasaka haijafika. Mvua ilikuwa imeanza usiku. Konda alikuwa anaita "Moshi, Moshi, bado wawili," na kila aliyepanda alikuta bado wawili vilevile. Mimi nilikuwa nimebeba ujumbe wa ukoo. Baba mkubwa alinipa kwa simu Jumatano, akaurudia mara mbili kama anayemtuma mtoto dukani: "Ukifika mwambie mama yako inatosha. Tumalize huu msiba."

Msiba wenyewe hauna maiti. Mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu, aliondoka mwaka 2012 kwenda Afrika Kusini kutafuta maisha. Alipiga simu mara chache. Ya mwisho ilikuwa Novemba 2013. Alisema chaji inakwisha, atapiga kesho. Hiyo kesho sasa ina miaka 11.

Kwa asiyejua mila zetu: Uchaggani mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kinachoizunguka. Mkubwa hukatiwa chake mapema. Sisi wa katikati tunapewa baraka na nauli. Kwa hiyo mdogo wangu asipojulikana kama yu hai au amekufa, kihamba nacho kinaning'inia. Sitaki kuwasingizia wazee tamaa. Baba mkubwa ana miaka 80 na anaogopa kufa akiacha kiporo.

Mimi nilichoka kabla yao. Mwaka 2016 nilimlipa mtu aliyedai ana jamaa yake polisi huko Durban. Wiki iliyofuata namba yake haikupatikana tena. Baadaye nikaenda kwenye hema moja, kwa nabii ambaye watu walikuwa wanamsifia sana. Nikaambiwa nitoe sadaka ya mbegu. Nikatoa shilingi 300,000. Akafumba macho, akasema anamwona kijana mwenye shati la bluu anashuka kwenye ndege kabla ya Desemba. Desemba yote nilikuwa nakodolea macho mashati ya bluu barabarani, mtu mzima na akili zangu. Tangu hapo kanisa sikuacha, ila niliacha kumtaja mdogo wangu kwenye sala. Niliona haya. Ni kama kumdai mtu deni mbele za watu halafu akuangalie tu.

Tukapita Tengeru. Makumira wakashuka wanafunzi wawili wa chuo, mmoja na gitaa lililofungwa nailoni. Chuo kile kina neno Tumaini kwenye jina lake, na asubuhi ile neno lilinikwaruza kidogo.

Juu ya pale ni Akeri. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa shirika la Leipzig la Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Meru kuanzisha kituo, wakauawa pamoja na Wachagga waliofuatana nao. Darasa la kipaimara tulikaririshwa majina ya wale wazungu wawili. Ya wale Wachagga hatukukaririshwa, na siku hizi jambo hilo linanikera kuliko nilivyokuwa kijana. Jeshi la Wajerumani lilijibu kwa moto na bunduki. Hata hivyo mwaka 1902 wamisionari walirudi Meru, wakaanza Nkoaranga, na leo huwezi kutembea pande zile Jumapili bila kusikia kwaya.

Maji ya Chai, Kikatiti, Boma Ng'ombe. Pale Boma konda aligombana na mama mmoja kuhusu nauli ya debe la maharage, tukakaa robo saa. Abiria wa dirishani, mgeni bila shaka, alikuwa anainama kutafuta Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Masika Kibo hauonekani, labda dakika tano alfajiri. Nimeshasikia mahubiri mengi kuhusu mlima uliofichwa na mawingu lakini upo. Ni mahubiri mazuri. Ningeomba tu tuyapumzishe kidogo.

Moshi sikukaa. Nilichukua kifodi cha Kiboriloni, nikapita katikati ya mitumba iliyofunikwa maturubai, nikapata gari la kupanda Old Moshi. Nilibanwa kati ya gunia la mahindi na kijana aliyeshika jogoo kwa uangalifu kama ameshika mtoto. Lami ilikuwa inateleza. Migomba ilikuwa imeinama na maji, na harufu ya udongo wa kwetu iliingia garini ikanikuta sijajiandaa.

Nilishuka kabla ya kufika. Sababu niliyojipa ni kunyoosha miguu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kufika. Nikaenda Tsudunyi, kwenye mti wa Mangi Meli, chifu wa Old Moshi. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga tarehe 2 Machi 1900, yeye na viongozi wengine wa Wachagga, Wameru na Waarusha, watu 19. Inasemwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alitumia zaidi ya nusu karne kukidai, akaenda mpaka Berlin na kutoa sampuli ya vinasaba. Nilisimama chini ya matawi, mvua inanidondokea shingoni, nikajiambia: kumbe sisi siyo nyumba pekee ya Old Moshi inayongoja wa kumzika.

Hapo hapo jirani, Kidia, kuna usharika ambao Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig, aliuhudumia kwa miaka mingi kati ya 1910 na 1938. Huyu alijifunza Kichagga na sheria za Wachagga kuliko wengi waliozaliwa hapa, akakataa kwamba kumpokea Kristo ni lazima kung'oa ukoo na ujirani. Rafiki zangu wa Arusha huniuliza: mliwezaje kupokea dini kutoka taifa lile lile lililowanyonga mangi wenu? Huwa sina jibu la haraka. Ila nafikiri wazee wale walipohubiriwa habari ya mtu aliyetundikwa mtini na askari wa dola, hawakuhitaji kuelezwa mti ni nini. Kilichokuwa kigeni kwao ni siku ya tatu.

Mama nilimkuta jikoni, kwenye kigoda, anamenya mshare kwa ajili ya mtori wa Pasaka. Alikuwa amepaka mafuta mikononi ili utomvu usigande, lakini vidole vilikuwa vyeusi vilevile, na kisu chenye mpini wa kamba ni kile kile cha utoto wangu. Anachana ganda mara moja kwa urefu, anaingiza kidole gumba, linavuka lote. Ndizi inatumbukia kwenye beseni la maji. Hatazami.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umelowa. Umekula?"

Nikala kwanza. Kwa mama yangu hakuna ujumbe unaopokelewa kwa mtu mwenye njaa. Kisha nikaanza: "Mama, baba mkubwa amenituma..."

"Najua. Ameshamtuma mzee wa kanisa, akamtuma mwinjilisti, bado muuza maziwa tu. Nilikuwa nangoja mtu wa nyumba hii aje kwa miguu yake." Ndizi nyingine ikatumbukia. "Waambie sawa. Pasaka ikipita, mchungaji atupangie siku ya ibada. Na pale kando ya kaburi la baba yako nitapanda isale, pawe pake."

Isale kwetu ni mmea wa heshima, hupandwa makaburini. Nilikuwa nimeandaa hoja kutoka Arusha mpaka Kiboriloni. Zote zikaniishia mkononi. Nikauliza swali la kijinga: "Kwa hiyo umekata tamaa?"

"Tamaa nilikata zamani," akasema. "Ilikuwa inanichosha. Kila pikipiki ikipanda huku, nasimama. Nikiwa shamba, nasimama. Nikiwa naswaki, nasimama. Miaka mitatu hiyo. Mtu wa kusimamasimama hapalilii, kahawa zilianza kufa."

"Na sasa?"

"Sasa namngoja Bwana. Yeye anajua yule mtoto alipo, awe juu ya ardhi, awe chini. Siku ya kumtoa atamtoa huko huko aliko. Yeye hahitaji nauli."

Alicheka kidogo kwa hilo la nauli, kisha akafuta jicho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na utomvu. Sikusema kitu. Niliinuka nikaongeza kuni ambazo hazikuhitajika.

Usiku nililala chumba cha mdogo wangu, kitandani kwake. Mvua juu ya bati hairuhusu mtu kufikiri kwa mpangilio, lakini mstari mmoja wa kipaimara ulikuwa unarudi, ule wa Warumi: "na tumaini halitahayarishi." Tulikuwa tunaupenda kwa sababu ni mfupi. Nilipotoka kwenye lile hema nilikuwa nimetahayari, hilo ndilo neno lake hasa. Nikawasha simu nikasoma mistari ya juu yake. Paulo anaanza na dhiki. Dhiki inaleta saburi, saburi inaleta uthabiti wa moyo, na tumaini linakuja mwisho kabisa, kama mtoto wa mwisho. Mimi nilikuwa nimeuziwa kama kianzio, kwa shilingi 300,000, na tarehe juu yake. Mama hakununua. Lake lilimjia kwa jembe, kati ya mikahawa iliyoanza kufa.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa makaburini na washarika wengine, tochi za simu zikimulika matope. Vijana wa tarumbeta walikuwa wamejipanga kando ya uzio. Mmoja, mwenye lile kubwa la kuzunguka mwili, alikuwa amevaa kandambili. Sauti ya kwanza ilitoka imepasuka, wakaanza upya. Mchungaji akasema, "Kristo amefufuka!" na giza lote likajibu, "Amefufuka kweli kweli!" Nimelijibu neno hilo tangu utotoni. Safari hii nililijibu nikiwa nimesimama katikati ya watu walioshika misalaba ya mbao ya wazazi wao na watoto wao, wengine wakipangusa matope kwenye majina, na sikuweza kulimaliza.

Kabla ya kuingia ibada ya pili, mama alinivuta pembeni. Akatoa bahasha mbili za ahadi kwenye mkoba: yake, na nyingine yenye namba ya mdogo wangu. Kumbe kwa miaka yote hiyo amekuwa akimtolea, shilingi elfu mbili elfu mbili, na mtunza hazina anapokea bila kuuliza.

"Lakini mama, si umekubali tumzike?"

"Siku bado haijapangwa. Mpaka hapo ni msharika wa hapa." Akanipa kalamu. "Andika wewe, miwani nimeiacha."

Niliandika majina yake yote matatu, juu ya goti langu, taratibu, herufi zikicheza. Sikuwa nimeyaandika wala kuyataja mbele za Mungu kwa miaka mingi. Kisha nikaandika kiasi.

Baada ya ibada ulikuwepo mnada pale nje, kama kawaida yetu: mayai kwenye kisahani, kuku, parachichi, chupa ya maziwa, mikungu ya ndizi ya wale ambao sadaka yao ilitoka shambani. Mnadi alikuwa na maneno kuliko mchungaji. Mkungu wa mama ulianza elfu tano. Mwanamke mmoja akasema saba, mimi nikasema kumi, yeye kumi na mbili, na mimi kwa jeuri ya mtu wa mjini nikafunga kwa 15,000. Watu wakacheka sana, maana walijua umetoka kihamba gani.

Nikautwika begani kuurudisha nyumbani ulikotoka. Utomvu ukanichafua shati jeupe la Pasaka, doa lisilotoka. Mama alikuwa mbele, mwavuli umefungwa, viatu mkononi. Kwenye kona ya juu pikipiki ilitupita, inapanda kwa kelele, na mtu amekaa nyuma amejifunika koti la mvua. Mama hakugeuka. Mimi niligeuka.