Mwomboko kwenye harusi ya San Antonio

Harusi ilikuwa ya jamaa tuliyekuwa tunapiga naye kazi San Antonio, Texas, na kusema kweli mimi na mke wangu tulienda tukitarajia mariachi, wale wa kofia kubwa na tarumbeta, si ndio tunaona kwa TV kila siku. Wapi! Wakapanda jukwaani watu wanne tu: akodiani, bajo sexto ambayo ni gitaa nene la nyuzi 12, besi na drams. Walipoanza tukaangaliana, hii si polka jamani? Polka kabisa, ila inaimbwa Kispanyola.

Mezani tulikaa na mzee mmoja, mjomba wake bibi harusi, huyo ndiye alinimwagia stori yote huku anatafuna. Wajerumani na Wacheki walihamia Texas karne ya 19 na polka zao na akodiani, Wamexico wa huko wakazisikia, wakaongeza bajo sexto na nyimbo zao za kienyeji, ukazaliwa muziki unaoitwa conjunto. Akamtaja mpiga akodiani Narciso Martínez, aliyeanza kurekodi miaka ya 1930, eti huyu aliacha kabisa zile besi za mkono wa kushoto akamwachia Santiago Almeida wa bajo sexto, ndio maana akodiani ya Texas inakimbia vile, nguvu zote ziko mkono wa kulia. Mzee alikuwa anaeleza kwa mikono yote miwili, salsa, ile sosi ya chakula, ikanirukia shati.

Sasa mimi ni mtu wa Murang'a, na guka wangu, yaani babu, alikuwa akisikia akodiani hakai chini. Mwomboko, ile dansi yetu ya akodiani, nao ulitoka hukohuko kwa wazungu, Wakikuyu waliona masetla wakicheza dansi zao, wakazichukua wakazipinda, wakaweka karing'aring'a, kile chuma cha duara kinachogongwa, basi ikawa yetu. Kwa hivyo mtu asiniambie akodiani ni ya Mjerumani, alishapoteza hiyo kesi kitambo.

Tukaingia. Pale watu wanazunguka ukumbi wote upande mmoja, kinyume cha saa, wazee wanaburuta miguu kama hawataki kuchakaza viatu, mtindo wenyewe unaitwa tacuachito. Polka ya mbio ilitushinda lakini walipopunguza mwendo tukaweka zetu, hatua mbili unainama, hatua mbili unainama, na ikakubali! Shangazi mmoja nyuma yetu akaanza kuinama pia, halafu na bwanake.

Baadaye ikaja cumbia, hiyo asili yake Colombia, watu wakabandika dola kwenye nguo za maharusi, DJ akaweka nyimbo za Selena, yule mwimbaji wa Texas, na watoto wote wakavamia sakafu, mpaka reggaeton ikapita hapo katikati na hakuna aliyelalamika.

Bendi walipopumzika mtu wa drams akanifuata, mlikuwa mnacheza nini nyinyi? Nikamwonyesha video ya mwomboko kwa simu. Hakujali wachezaji hata kidogo, alitaka kujua kile chuma ni nini. Akachukua uma akaanza kugonga chupa akiufuata mdundo, wa akodiani akasikia akavaa mikanda yake, na DJ aliyekuwa ameshachomeka waya akaambiwa angoje kwanza.