Kile kibao cha mradi kihamie kwenye simu bwana

Ukipita kwenye mradi wowote hapa Ujiji, Kigoma, utakuta kibao, mkandarasi fulani, mshauri fulani, bilioni kadhaa, tarehe ya kumaliza jua limeshaifuta, basi habari yako imeishia hapo. Zabuni siku hizi zinapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, tangu 2023, safi, na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ripoti yake ipo mtandaoni kila mwaka, ila mie nataka ya katikati: bajeti ilianza ngapi, imeongezwa kwa nini, mkandarasi kalipwa hati ipi ya malipo mwezi huu. Reli ya kisasa, SGR, Tabora–Kigoma, kilomita 506, mkataba ulisainiwa 2022, dola bilioni 2.2 hizo (sio za dagaa!), sasa mama wa Kibirizi mwenye bando lake anashindwaje kuona zimefika wapi?