Jinsi nilivyochagua bunduki ya nusu otomatiki kwa bajeti ya wastani

Nilianza kuweka akiba nikiwa na picha moja tu kichwani: bunduki mpya ya kaliba (upana wa risasi) ya milimita 5.56, nyepesi, nyeusi, ya ule mtindo wa AR-15 uliobuniwa na Eugene Stoner mwishoni mwa miaka ya 1950. Baada ya miezi 14 akiba yangu ilitosha kuinunua, na nilikuwa tayari nimeshachagua hata rangi ya mkanda wa kuibebea. Kilichonirudisha nyuma ni karatasi moja ya hesabu niliyoiandika usiku wa kuamkia siku ya kwenda dukani, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu naamini watu wengi wenye fedha za kadiri hukosea mahali pale pale nilipokaribia kukosea mimi.

Katika karatasi hiyo niliandika mambo ambayo bei ya bunduki haiyataji. Kwanza leseni na mafunzo. Pili kasha la chuma la kuhifadhia silaha, lenye kufuli, ambalo kwangu halikuwa jambo la hiari kwa kuwa nyumbani kuna watoto. Kisha darubini pamoja na vifungo vyake, vizibo vya masikio, miwani, mdeki (ufito wa kusafishia mtutu) na mafuta ya kusafishia. Mwisho kabisa niliandika risasi. Nilikuwa nimepanga kupiga risasi 100 kila wiki, kwa wiki 40 za mwaka, yaani risasi 4,000. Nilipozidisha bei ya risasi moja ya 5.56 kwa 4,000, jumla ilizidi bei ya bunduki yenyewe. Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimeongeza sifuri.

Kwa hiyo nililigeuza swali. Badala ya kuuliza ni bunduki gani ninaweza kuinunua, niliuliza ni bunduki gani ninaweza kuilisha. Jibu lilinipeleka kwenye .22 LR, risasi ndogo iliyokuwapo tangu 1887, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya risasi ya 5.56. Sikufurahi sana mwanzoni, maana nilihisi kama mtu aliyeweka akiba ya gari akarudi na baiskeli. Lakini lengo langu lilikuwa kujifunza kupiga shabaha katika mita 50, na kwa kazi hiyo risasi kubwa ingenifundisha zaidi kuogopa mshindo kuliko kulenga.

Kabla ya kuchagua bunduki yoyote nilisoma sheria, na ninamsihi kila anayefikiria jambo hili aanze hapo. Neno "nusu otomatiki" lina maana rahisi: kila unapovuta triga hutoka risasi moja, kisha nguvu ya mlipuko yenyewe hutupa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Hata hivyo sheria za nchi hazilitazami neno hilo kwa jicho moja. Uingereza ilipiga marufuku takribani bunduki zote ndefu za nusu otomatiki kwa sheria ya 1988, ikaziacha zile za .22 za aina hii ninayoieleza. Australia, katika mabadiliko ya 1996, ilizibana hata hizo za .22, na New Zealand ilipokaza sheria yake mwaka 2019 iliziruhusu za .22 ambazo magazini yake (chombo kinacholisha risasi) haizidishi risasi 10. Mtu anaweza kulipia malipo ya awali kisha akagundua kwamba silaha aliyoichagua haiwezi kuandikwa katika leseni yake, na hasara hiyo haina wa kumdai.

Nilipoanza kutafuta, mwalimu wangu wa uwanja wa shabaha, mzee aliyefundisha kwa miaka mingi, alikubali kufuatana nami. Ninashukuru kwamba alikubali. Mahali pa kwanza nilivutiwa na SKS, bunduki iliyobuniwa na Simonov wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, imara, yenye magazini isiyochomoka ya risasi 10, na iliyouzwa kwa bei ya kuvutia ikiwa bado imeganda grisi ya ghala. Mzee alihakikisha chemba ni tupu, akaomba ruhusa ya kuitoa bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, akaitikisa karibu na sikio langu.

"Unasikia kitu, mwanangu?"

"Hapana, Mzee."

"Hapo ndipo penye hatari. Pini ya kupigia fataki, kile kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi, inatakiwa icheze na kugonga humo ndani. Ikinaswa na grisi huku ncha yake imejitokeza nje, bolti ikifunga tu, risasi inalipuka, na ikilipuka inaweza kuendelea mpaka magazini iishe."

Dawa yake ni kuivua yote na kuiosha grisi mpaka pini icheze, na mwenye kujua kazi hiyo hupata bunduki nzuri. Mimi sikuwa mwenye kujua. Tena sehemu kubwa ya risasi za zamani za kijeshi zinazouzwa kwa bei nafuu zina fataki ambazo huacha chumvi ndani ya mtutu, na mtutu usipooshwa kwa maji siku hiyo hiyo huanza kula kutu. Niliiacha.

Katika za .22 nilizunguka muda mrefu zaidi kati ya mbili: Marlin Model 60, iliyotoka 1960, ambayo risasi zake hukaa katika bomba lililo chini ya mtutu, na Ruger 10/22 ya 1964, yenye magazini ndogo ya mzunguko ya risasi 10 inayoingia yote ndani ya mbao. Zote mbili zimetengenezwa kwa wingi mno, na wingi huo ndio hoja niliyoipa uzito kuliko zote, kuliko hata uzuri wa mti wake. Nasema hivyo kwa sababu nilishaponea chupuchupu: nilikuwa nimepewa bunduki nyingine ya .22 kwa nusu ya bei, safi kabisa, ila ilikuwa na magazini moja tu, na kiwanda chake kilikuwa kimeacha kuitengeneza. Magazini hiyo ingepinda mdomo siku moja tu, ningebaki na bunduki ya kupakia risasi moja moja kwa kidole.

Nilichagua 10/22 iliyotumika. Sababu ya kuchukua iliyotumika ni kwamba bunduki ya .22 haichoki haraka: kichwa cha risasi yake ni cha madini laini ya risasi, shinikizo lake ni dogo, na bolti husukumwa nyuma na ganda lenyewe, ikizuiwa na uzito wake na springi peke yake, bila bomba la gesi. Kinachoiharibu ni mkono wa mtu. Ndiyo maana niliikagua ya kwanza, ya pili na ya tatu kabla ya kulipia ya nne.

Ukaguzi wenyewe ni huu. Unahakikisha magazini imetoka na chemba ni tupu, kwa jicho na kwa kidole. Unafungia bolti nyuma. Unaweka kipande cha karatasi nyeupe pale bolti ilipoacha nafasi, kisha unamulika karatasi hiyo kwa tochi na kutazama kutoka mdomoni mwa mtutu. Mtutu mzima huonekana kama mfereji wa fedha unaojizungusha. Katika bunduki ya pili niliona, karibu na katikati, kivuli cha duara kama pete nyeusi. Mzee akatazama, akaniambia nipitishe vidole kwa nje, taratibu. Niliuhisi uvimbe mdogo ambao jicho halikuuona. Risasi moja dhaifu ilikuwa imekwama humo, na mwenye bunduki akafyatua nyingine nyuma yake. Muuzaji hakuwa ameitaja dosari hiyo, labda hakuijua.

Ya tatu ilikuwa na kosa la aina nyingine. Bodi ya 10/22, yaani sehemu inayobeba bolti, imefungwa kwa nyuma, hivyo mdeki huingizwa kutoka mdomoni, na anayesafisha bila uangalifu husugua ukingo wa mdomo wa mtutu, mahali ambapo risasi hugusa chuma kwa mara ya mwisho. Ukingo ukiliwa upande mmoja, gesi hutoka mapema upande huo na kuisukuma risasi kando. Ukingo wa ile ya tatu ulikuwa umelika upande wa chini, kwa kiasi cha unene wa ukucha.

Ya nne ilikuwa na mikwaruzo mingi ya mbao na mtutu safi. Niliinunua kwa chini ya nusu ya akiba yangu.

Nilikosea jambo moja, nalo ni darubini. Kwa kuwa bunduki ilinibakishia fedha, nilidhani nifanye ubahili mahali pengine, nikachukua ya bei ya chini kabisa yenye ukuzaji mkubwa hadi mara 16. Kwa majuma mawili nilijilaumu: leo risasi zinaangukia kulia, kesho juu. Nilibadilisha namna ya kushika, namna ya kupumua, hata kiti. Mzee ndiye aliyeifunga bunduki kwenye mifuko ya mchanga, akazungusha kirekebishi mbofyo 20 kwenda kulia, kisha 20 kurudi kushoto, na risasi hazikurudi pale zilipoanzia. Msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini haukuwa na mahali pa kutulia. Niliirudisha kwa hasara kidogo na kununua ya ukuzaji wa mara 4 usiobadilika, yenye lensi angavu, na tangu hapo sijaigusa.

Risasi nazo zina tabia, na bunduki ya nusu otomatiki ina ubaguzi kuliko ile ya kuvuta bolti kwa mkono. Aina dhaifu haikuweza kuisukuma bolti hadi mwisho, ganda likanaswa likiwa limesimama wima kama bomba la moshi. Nilinunua pakiti moja moja ya aina sita, nikapiga makundi matano ya risasi tano kwa kila aina katika mita 50. Aina iliyosifiwa sana ilitawanyika sentimita 5. Nyingine, ya bei ya kati, ilikaa ndani ya sentimita 2 na nusu, na ndiyo niliyonunua boksi zima. Udogo wake usimdanganye mtu: risasi ya .22 inaweza kufika zaidi ya kilomita 1, hivyo kinga ya udongo nyuma ya shabaha ni lazima, na risasi ikigoma kulipuka huwa naelekeza mdomo kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua bolti.

Sasa ni mwaka mmoja na miezi miwili. Kitabu changu kidogo kinaonyesha risasi 4,350, ganda lililokwama mara 11, na springi moja niliyobadilisha mwenyewe mezani. Ile karatasi ya hesabu nimeibandika ndani ya mlango wa kasha la chuma, na chini yake nimeanza kuandika safu mpya, ya 5.56, ambayo kwa sasa ina namba mbili tu.